Plasta kwenye Mpini wa Sufuria

Tulishuka Lima alfajiri,
saa ishirini na mbili kutoka kwetu milimani,
Rosmery kalala mapajani,
homa yake ikinichoma kupitia sketi tatu.
Mji haukuwa na mbingu. Juu palitandazwa
kitambaa cha kijivu, kibichi,
kinachodondoka bila kunyesha.

Daktari alitamka neno la Kihispania.
Nililibeba mdomoni bila kulimeza,
mpaka muuguzi mmoja akaniketisha,
akaniambia kwa Kikechua: ni damu, mama.
Uboho unazaa wageni, wageni wanajaza nyumba,
wenyeji wanakosa pa kulala.
Hapo nikaelewa. Heri nisingeelewa.

Siku tisa nililala kwenye kiti cha plastiki.
Mlinzi wa korido alijifanya kipofu:
hiyo ndiyo iliyokuwa huduma yangu ya kwanza.
Teodosio alibaki na alpaka,
na alpaka wakapungua.
Wawili wakawa sindano, mmoja akawa tiketi,
yule dume mweupe, fahari ya baba mkwe,
akawa kipimo cha uboho.
Mume wangu alipanda kilima kutafuta mtandao,
akanipigia, tukasikilizana tukihema.
Salio likaisha.

Kuomba sikujua.
Kwetu kazi hulipwa kwa kazi:
leo unavuna kwangu, kesho navuna kwako.
Hapa ningemvunia nani?

Siku ya kumi akaja Domitila,
nywele kazisuka mbili, zote mvi,
miguuni slipa za kiume.
Hakuuliza, "Unahitaji nini?"
Swali hilo lingenifunga kinywa.
Aliuliza, "Umekula nini?"

Nyumba ni mitaa minne kutoka hospitali.
Vitanda kumi na viwili, jiko moja,
bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji,
na juu ya paa, kwenye kamba,
kofia ndogo za sufu, za watoto wasio na nywele,
haziwahi kukauka kwa ule ukungu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi sikungojea ya tatu:
nilipewa kisu na ndoo ya viazi saa ile ile.
Nikamenya. Nilikuwa sijalia tangu milimani.
Nikalia juu ya viazi,
na hakuna aliyeninyamazisha,
ila mmoja alisogeza bakuli akasema,
"Basi leo hatutii chumvi."

Kila familia ina sufuria yake,
na mpini umefungwa plasta ya wodini
iliyoandikwa jina la mtoto kwa kalamu.
Ya kwangu ilikuwa na majina chini ya jina:
Yeferson. Luz Clarita. Anghelo.
Nikauliza, walipona?
"Wawili," alisema Domitila.
Hakusema wawili gani.
Sufuria zote tunaosha kwa zamu;
ile anaiosha yeye,
na mpini hausugui.

Hunenwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
na kweli, kaka yangu alisema, "Jipe moyo,"
akakata simu akaenda kwenye mpira.
Lakini Domitila alipouinua wangu
nilimsikia akigumia.
Aliujua uzito wake hata kabla ya kuinama.

Juni, alpaka walibaki watatu.
Wanawake walichangishana bila kuniambia,
noti zilizokunjwa kama dawa za unga,
wakamtumia Teodosio nauli:
usiuze, njoo.

Alifika na gunia la viazi vikavu,
kofia mkononi, akasimama mlangoni mwa jiko
kama mtu aliyeingia kanisa lisilo lake.
Rosmery alimwangalia muda mrefu.
"Umekonda," alimwambia baba yake.

Hakujibu. Angejibu nini?
Domitila akampa kisu.

Anamenya vibaya, nusu ya kiazi inakwenda na ganda,
na wanawake wanaona,
na wanamwacha.